Mabomu ya London na Mnara wa Siloamu

Somo letu la juma hili ni Luka 13, aya tano za mwanzo. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa wanatoa sadaka zao. Hawaulizi kitu. Lakini Yesu analisikia swali lililofichwa ndani ya habari yenyewe: watu hawa walifanya nini hata wakafa vile? Badala ya kuwajibu juu ya wale Wagalilaya peke yao, anawaongezea msiba mwingine, wa watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na kuwauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha neno la toba analielekeza kwa wao waliosimama mbele yake, wazima.

Aya hizi huwa nazisoma makaburini, na sababu ninayo. Mara nyingi, hata kabla ya mashada kuwekwa, minong'ono imekwisha kuanza. Huyu anasema ni mkono wa mtu. Yule anasema ukoo ule una laana, mbona huyu ni mtoto wa pili kuzikwa? Mwingine anakumbuka kwamba marehemu alikuwa ameacha kutoa zaka. Mama mfiwa anayasikia yote. Analala nayo, anaamka nayo, na matanga yakiisha anarudi kanisani na kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kana kwamba amekuja kuomba radhi.

Leo nataka tulitazame swali hilo tukisaidiwa na watu ambao hatuna desturi ya kuwaita mimbarini, nao ni wanahisabati. Hisabati ya uwezekano ina tawi linalochunguza nukta zinazotokea bila kupangwa, iwe mahali au wakati: saa ambazo simu zinaingia kituoni, sehemu ambazo radi inapiga, siku ambazo ajali zinatokea kwenye njia moja. Wenyewe huita mambo hayo michakato ya nukta nasibu. Swali lao ni lile lile la makaburini, ila wao wanalipima. Ukiona nukta zimerundikana mahali pamoja, utajuaje kama zimetumwa pale au zimeangukia tu?

Mfano unaojulikana sana ulitokea London. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, wiki moja baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy, Ujerumani ilianza kurusha kutoka kaskazini mwa Ufaransa silaha mpya iliyoitwa V-1. Ilikuwa ndege ndogo isiyo na rubani, imebeba kilo zipatazo 850 za baruti. Watu wa London walijifunza upesi kuisikiliza. Maadamu injini inanguruma juu yako, itapita. Injini ikinyamaza ghafla, lala chini, kwa maana inashuka. Katika miezi michache iliyofuata mabomu hayo yaliua zaidi ya watu 6,000 Uingereza.

Jumapili ya kwanza baada ya mashambulizi kuanza, tarehe 18 Juni, mchana ukiwa haujafika, bomu moja liliangukia kanisa la askari lililo karibu na ikulu ya Buckingham, ibada ikiendelea. Paa la zege likawaporomokea waumini. Watu 121 walikufa. Sehemu ya madhabahu ilibaki imesimama, na askofu aliyekuwa pale akiongoza ibada alitoka mzima. Naomba mkae kidogo na picha hiyo. Askofu madhabahuni amepona, waumini kwenye mabenchi wamekufa. Mtu wa minong'ono angesema nini hapo? Kwamba askofu alikuwa mtakatifu kuliko wote 121? Na kama bomu lingeangukia upande wa madhabahu, mtu yule yule angesema bila kusita kwamba askofu alikuwa na dhambi ya siri. Ukijikuta una maelezo yaliyo tayari kwa kila tokeo, bado hujaeleza kitu.

Kadiri majuma yalivyopita, wakazi walianza kuisoma ramani. Walisema mabomu yanaanguka kwa mafungu. Mtaa fulani umepigwa mara tatu, mtaa wa pili yake haujaguswa, basi lazima adui analenga, au kuna jambo na mtaa ule. Mwaka 1946, R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima katika kampuni ya Prudential, alichapisha makala fupi mno akilipima dai hilo. Alichukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa London, akaligawa katika miraba 576 iliyolingana, kila mmoja robo ya kilomita ya mraba, akahesabu mabomu yaliyoangukia kila mraba. Yalikuwa 537.

Kisha akaitafuta kanuni ya Siméon Denis Poisson, Mfaransa aliyeiandika mwaka 1837 ndani ya kitabu kilichohusu, ajabu ni kwamba, hukumu za mahakama. Kanuni hiyo inadai kitu kimoja tu, wastani. Hapa wastani ni 537 kugawanya kwa 576, yaani pungufu kidogo ya bomu moja kwa mraba. Ukishaipa namba hiyo, inakuambia miraba mingapi itabaki mitupu, mingapi itapata bomu moja, mingapi mawili, na kuendelea, ikiwa mabomu yanaangukia popote bila kuchagua.

Kanuni ilisema miraba 227 haitapigwa kabisa. Ambayo haikupigwa ilikuwa 229. Ilisema 211 itapigwa mara moja, na kweli ilikuwa 211. Kwa iliyopigwa mara mbili ilisema 99, ikapatikana 93. Kwa mara tatu ilisema 31, ikapatikana 35. Kwa mara nne ilisema saba, ikapatikana saba. Kwa mara tano au zaidi ilitarajia mraba mmoja au miwili, ukapatikana mmoja.

Mraba huo mmoja ulipigwa na mabomu saba.

Fikirini mwenye nyumba aliyeishi pale. Bomu la kwanza majirani walimpa pole. La tatu wakaanza kumtazama. Kufika la saba, nani angemshawishi kwamba hakuna kitu kinachomwandama? Hata yeye mwenyewe angekwisha kuyapekua maisha yake yote akitafuta kosa. Lakini hesabu ilikuwa imekwisha kusema, bila kumjua jina, kwamba kati ya miraba 576 itarajiwe kupatikana mmoja au miwili iliyopigwa mara tano au zaidi, hata kama hakuna anayeandamwa. Aliyeishi kwenye mraba wa mabomu saba hakuwa na la kujibu mbele ya majirani, wala aliyeishi kwenye mmoja wa ile 229 hakuwa na la kujivunia.

Jambo linalotushinda wengi ni kwamba tunatarajia bahati igawe sawasawa. Haigawi hivyo. Anayetaka kuliona kwa macho na asubiri matone ya kwanza ya mvua kwenye ua uliofagiwa: hapa yameangukia manne karibu karibu, pale pamebaki pakavu pakubwa, na hakuna aliyeyapanga. Kama kila mraba wa London ungepata bomu moja moja, hapo ndipo Clarke angekuwa na haki ya kusema kuna mkono uliopanga. Mafungu, yale yale yanayotufanya tuseme kuna mkono wa mtu, ndiyo sura ya kawaida ya kitu kisichopangwa. Wanaoichunguza michakato hii wanaongeza sifa ya pili: sehemu mbili zisizoingiliana hazina habari za kupeana. Mtaa uliopigwa mara tatu jana hauko hatarini zaidi leo, wala hauko salama zaidi leo. Bomu halina kumbukumbu.

Sasa nawaleta kwa mtu wa pili, na kwake nitakaa kidogo kwa sababu maisha yake yana neno kwetu kama ilivyo kazi yake. Mwaka ule ule wa 1944, huko Hungaria, kijana Myahudi wa miaka 23 aitwaye Alfréd Rényi alipelekwa kwenye kazi za shuruti. Akatoroka, akaishi mafichoni kwa vyeti vya kughushi. Wazazi wake walikuwa wamefungiwa pamoja na Wayahudi wengine katika mtaa uliozungushiwa uzio ndani ya jiji la Budapest. Rényi akajipatia sare ya askari, akaivaa, akaingia mle ndani na kuwatoa baba na mama yake mbele ya macho ya walinzi. Vita vilipokwisha akawa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne yake, na taasisi ya hisabati ya Hungaria aliyoiongoza tangu 1950 leo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1967, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, Rényi alithibitisha jambo lililowashangaza wenzake kuhusu mchakato huu wa Poisson. Kwa kawaida mtu angedhani kwamba ili kuujua mchakato wa nukta ni lazima ujue mengi: zitaanguka ngapi hapa, ngapi pale, sehemu hii inahusianaje na ile. Rényi akaonyesha kwamba inatosha kujua kitu kimoja, uwezekano wa kila sehemu kubaki tupu. Mahali ambapo hakuna kilichoanguka panasimulia habari yote. Baadaye Olav Kallenberg, Mswidi, na wengine wakaipanua hoja hiyo ikafika hata kwenye michakato mingine, maadamu nukta mbili haziangukii pointi ile ile hasa.

Hoja hii ina sharti, na sharti hilo ndilo lililonigusa kuliko hoja yenyewe. Haitoshi kuchukua kipande kimoja kimoja na kuuliza kama kimebaki kitupu. Imethibitishwa kwamba mchakato mwingine kabisa unaweza kufanana na ule wa Poisson kwenye kila kipande kikitazamwa peke yake. Ni lazima uviunganishe vipande vilivyotawanyika, hiki cha huku na kile cha kule, na kuuliza kama vyote kwa pamoja vimesalimika.

Ndugu zangu, sisi katika ibada zetu tuna ushuhuda mwingi wa kipande kimoja. Basi limepinduka, watu wamekufa, na aliyetoka mzima anasimama Jumapili na kusema Bwana alimlinda kwa sababu aliomba asubuhi. Tunapiga vigelegele. Nami sitamzuia mtu kumshukuru Mungu kwa uhai wake, asiposhukuru amekosa. Lakini ile "kwa sababu" inamwumiza mtu aliyekaa benchi la nyuma. Mumewe naye aliomba asubuhi ile. Ushuhuda wa mmoja aliyepona hauwezi kutuambia ni kwa nini mabomu yanaangukia yanakoangukia. Yangepasa kuunganishwa maneno ya wote waliopona, wakiwamo wasiosali kabisa, ndipo tungeona kwamba ile miraba 229 ilikuwa na walevi na wacha Mungu, waumini na wasioamini, wote wamechanganyika. Yesu alikwisha kutufundisha hivyo juu ya jua na mvua katika Mathayo 5.

Kuna atakayeniuliza kama nimemtoa Mungu duniani na kuiachia bahati. La. Mithali 16 inatuambia kwamba hata kura inayotupwa, hukumu yake yote i kwa Bwana. Naamini hivyo. Ila kuamini kwamba Bwana anaishika kura hakunipi ruhusa ya kuisoma kura kama barua aliyoniandikia mimi juu ya dhambi za jirani yangu. Waliojaribu kuisoma hivyo katika Maandiko walifedheheka. Rafiki zake Ayubu walikesha wakimtafutia kosa, na mwisho Mungu akawakasirikia wao. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa wakataka kujua ni yeye au wazazi wake waliotenda dhambi, Yesu akayakataa yote mawili. Na kule Malta, katika Matendo 28, nyoka alipomng'ata Paulo wenyeji walisema huyu ni mwuaji, kisasi kimemfuata. Walipoona hakuvimba wala hakuanguka wakageuka na kusema ni mungu. Jeraha moja lilizaa hukumu mbili zinazopingana, tena kutoka vinywa vile vile.

Basi je, tukunje mikono? Tunao usemi wetu kwamba ajali haina kinga. Nusu yake ni kweli. Ajali itamwangukia nani, hapo kweli hapana kinga wala hapana ajuaye. Lakini rudini kwenye kanuni ya Poisson mwone inachohitaji: wastani. Hesabu haikusema kwa nini mabomu yalikuwa 537 na siyo 50 au sifuri. Hiyo haikuwa bahati. Kuna watu waliyaunda, wakayajaza baruti, wakayaelekeza London. Kuna watu wengine pia. Waingereza, kwa kuwatumia majasusi ambao Wajerumani walidhani ni wao, walipeleka taarifa za uongo ili mabomu yazidi kuanguka kabla ya kufika katikati ya jiji, yaani yaangukie kusini, kwenye mitaa ile ile aliyoihesabu Clarke. Herbert Morrison, waziri wa mambo ya ndani, alipinga. Hakuona ni haki ya serikali kuamua mtaa gani ufe badala ya mwingine. Mimi namwona alikuwa sahihi kuliuliza swali hilo, hata kama wenzake walikuwa na sababu zao.

Na watu ndio walioushusha wastani ule. Katikati ya Julai 1944 mizinga ya kutungulia ilihamishwa kutoka karibu na London ikapangwa ufukoni, ikiwa na rada na vifaa vipya, na mabomu mengi zaidi yakawa yanaangukia baharini. Mapema Septemba majeshi ya nchi kavu yakayateka maeneo ya kurushia kule Ufaransa. Hapana mtu wa mraba wa mabomu saba aliyeokolewa kwa kuchunguzwa dhambi zake. Waliookolewa waliokolewa na walioshughulikia wastani.

Rényi aliijua tofauti hii katika mwili wake. Bomu linaangukia popote. Uzio wa Budapest ulijengwa kuwazunguka watu waliochaguliwa kwa sababu ni Wayahudi. Hakuuita uzio ule bahati, wala hakukaa akijiuliza wazazi wake walimkosea nini Mungu. Alivaa sare akaenda.

Nadhani hapo ndipo Luka 13 inatupeleka. Mnara wa Siloamu ulikuwa na mafundi. Kama ulikuwa na ufa, kuna waliouona na kupita. Yesu hakuwaruhusu wasikilizaji wake watafute hatia kwa wale 18 waliolala chini ya mawe. Aliwaambia wao, walio hai, wageuke. Toba ya walio hai ni pamoja na kuutazama mnara unaofuata. Sisi tunajua minara yetu. Ni dereva anayelazimishwa kuendesha usiku kucha bila kubadilishwa. Ni bodaboda inayopakia watoto watatu bila kofia hata moja. Ni mtaro uliozibwa na taka juu ya nyumba za bondeni. Ni mama mjamzito anayefika zahanati asikute muuguzi. Atakayekufa hatumjui jina, wala jina lake halitatueleza kitu. Lakini idadi ya watakaokufa ipo mikononi mwetu kwa sehemu kubwa, na kwa sehemu hiyo tutaulizwa.

Kwa hiyo naomba mawili juma hili. Kila jumuiya iende kwenye nyumba iliyofiwa karibu nayo. Pelekeni unga na kuni, kaeni mpaka giza liingie, osheni vyombo, na asiwepo hata mmoja wa kuuliza ilikuwaje. Mfiwa akitaka kusimulia atasimulia. Akikaa kimya, kaeni kimya naye.

La pili linahusu barabara inayopita mbele ya shule ya msingi, ambayo sote tunajua imetuzikisha watoto. Wazee wa kanisa wameandika barua ya kuomba matuta na kivuko pale wanapovukia. Ipo ofisini kwa mwinjilisti kuanzia leo baada ya ibada. Piteni mtie sahihi, na asiye msharika naye mwiteni aje atie yake, maana watoto wanaovuka pale ni wa kila nyumba.